Gari la Kwanza Lilikuwa la Waya

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa Nakuru mbele ya mafundi na wenye magari ya zamani. Yamewekwa hapa yote kwa walioshindwa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wetu, akina mama, mafundi wa gereji na mafundi wa chini ya mti, vijana mliokuja na magari ya babu zenu, nanyi mliotoka Kisumu na Kakamega alfajiri: hamjambo? Hamjambo tena?

Nimeombwa nizungumzie gari la kwanza. Nikiwatazama naona kila mmoja ameshaliegesha lake kichwani. Huyu Datsun 1200, yule Volkswagen, na mzee pale nyuma ni Peugeot 404 na hataki kusikia jingine. Lakini tuulizane bila kuoneana haya. Gari lako la kwanza kabisa lilikuwa lipi? Nani hapa gari lake la kwanza halikuwa la waya? Ainue mkono.

Nilijua mikono itakuwa michache.

Lile gari la waya tusilicheke. Waya ulitoka kwenye ua wa seng'enge, ukanyooshwa kwa jiwe. Magurudumu yalikatwa kwenye patipati zilizokatika mkanda. Usukani ulikuwa duara la waya mnene, limeviringishiwa vipande vya tyubu ili lisikate mikono. Kutoka hapo fimbo ya waya ilishuka hadi mbele, ncha yake ikakunjwa na kufungwa kwenye ekseli. Ukizungusha usukani, ekseli nzima inageuka. Na lilikuwa linaharibikia wapi? Mahali pawili. Tundu la gurudumu lilipanuka, gari likaanza kuyumba kama mlevi, ndipo mtoto akatoboa vifuniko viwili vya soda na kuvibana huku na huku. Halafu ile fundo ya waya kwenye ekseli ililegea: unazungusha usukani robo duara na gari halijasikia. Huo ndio mchezo wa usukani. Mtoto aliukuta akiwa na miaka minane, akaukaza kwa meno.

Mtoto huyo huyo akikua na kukutana na Morris Minor, kuna kitu gani kigeni? Morris Minor ya miaka ya hamsini na sitini ilibeba mbele yote juu ya viungio vyenye nyuzi kama za skrubu, na nyuzi hizo zinaishi kwa grisi. Zikikosa grisi zinalika taratibu, bila kelele. Siku moja unakata kona polepole kuingia kituo cha mafuta, na gurudumu la mbele linakunjika chini ya gari kama mguu wa ng'ombe aliyechoka. Dawa yake ni bunduki ya grisi kila baada ya kilomita 3,000 hivi, na kabla hujapiga grisi liinue gurudumu kwa jeki. Likiwa limebeba uzito, grisi inapita upande mmoja tu, ule usiokula. Wengi walisahau hilo la jeki. Walipiga grisi miaka yote na gurudumu likakunjika vilevile, kisha wakalilaumu gari.

Morris hiyo hiyo ilikuwa na mikono midogo ya kuonyesha kona, inayochomoza kwenye nguzo ya mlango kama sikio. Ilikuwa pia na pampu ya petroli ya umeme. Ukiwasha swichi unaisikia ta-ta-ta-ta, kisha inanyamaza, maana yake kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, imejaa. Isipolia kabisa, pointi zake za ndani, zile za kupitisha umeme, zimegandana. Unafungua boneti, unaigonga kidogo kwa mpini wa spana, inaanza tena. Kidogo, nimesema. Si nyundo.

Sasa tuingie asubuhi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Molo iko juu zaidi, na asubuhi za Julai mnazijua. Nyumba iliyokuwa na gari ilikuwa na kazi mbili za mtoto, sivyo? Kazi ya kwanza kushika tochi. Kazi ya pili kukanyaga breki wakati mzee yuko chini ya gari anatoa hewa kwenye mabomba ya breki. "Kanyaga! Shikilia! Achilia!" Nani hapa hakugombezwa kwa kuachilia kabla ya kuambiwa? Basi mzee alikuwa na haki. Ukiachilia pedali wakati kijiskrubu cha gurudumu kiko wazi, mfumo unavuta hewa ndani upya, na kazi yote inaanza mwanzo. Katika magari mengi ya zamani huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na pampu ya breki, na humalizia lililo karibu na dereva.

Gari likikataa kuwaka, ilikuwa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono. Unavuta choki ya kuongeza petroli, gia huru, breki ya mkono, unachomeka hendeli mbele na kutafuta pale injini inapokuwa nzito. Kisha unavuta kwenda juu. Usisukume kwenda chini. Na kidole gumba? Kidole gumba kinalala upande mmoja na vidole vingine, hakiizungushi hendeli. Kwa nini? Kwa sababu moto ukiwahi kabla ya pistoni kufika juu, injini inarudi nyuma kwa teke, na hendeli inakwenda na gumba lako. Watu walivunjika mikono hivyo.

Lakini gari linalotaka hendeli kila siku lina ugonjwa, na mara tisa kati ya kumi ugonjwa uko kwenye distributa, ile inayogawia plagi umeme wa cheche. Fungua klipu mbili, ondoa kofia, toa rota. Chini yake kuna pointi, vipande viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga mara elfu kadhaa kwa dakika. Zungusha injini kwa mkono mpaka kile kisigino cha pointi kikalie ncha ya kamu, ule mhimili wenye pembe, hapo pointi ziko wazi kabisa. Pima uwazi kwa fila, kile kibamba chembamba cha kupimia: kwenye Volkswagen ni milimita 0.4. Kisigino kinalika kwa kusugua, uwazi unapungua, na uwazi ukipungua cheche inachelewa. Gari linakuwa zito, linachemka, linakunywa petroli. Mwenyewe anasema injini imezeeka. Injini haijazeeka! Ni unene wa kadi tu. Ukiona pointi zimeungua na kuwa nyeusi zenye ubuluu muda mfupi baada ya kuwekwa mpya, usibadilishe pointi tena. Badilisha kondensa, kile kikopo kidogo kinachozilinda zisiungue.

Na plagi je? Plagi ilipimwa kwa kipande cha msumeno wa chuma. Bledi ya msumeno ina unene wa milimita 0.6 na kidogo, na plagi ya gari la wakati ule inataka 0.6 hadi 0.7. Fundi wa chini ya mti aliyefanya hivyo hakuwa anabahatisha, alikuwa na kipimo mkononi. Kisha aliisoma rangi. Kahawia ya chapati iliyoiva, injini ni nzima. Nyeusi kavu ya masizi, petroli imezidi. Nyeusi ya maji maji ya oili, ringi za pistoni zimekwisha au mafuta yanapenya kwenye valvu. Nyeupe kama chokaa, hewa imezidi na injini inaungua.

Ukirudisha nyaya za plagi, mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2 kwa Morris, Datsun na Peugeot. Volkswagen ni 1-4-3-2. Waliochanganya hayo mawili waliamsha mtaa mzima kwa mlio wa egzosti.

Kwa kuwa nimeitaja Volkswagen, tusimame hapo kidogo. Hili gari lilipendwa kwa kuwa halina radieta. Watu wakasema: halina maji, halichemki. Uongo huo umeua injini nyingi! Linapozwa na feni, na feni inazungushwa na mkanda mmoja ulio pamoja na dinamo. Mkanda ukikatika, taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi. Kwenye gari jingine ungejiambia dinamo haichaji, nitafika Njoro. Kwenye Volkswagen taa hiyo inasema feni imesimama na injini haipati hewa. Unasimama papo hapo, si kituo kinachofuata. Mwenye busara alibeba mkanda wa pili, spana ya 21 na bisibisi ya kuzuia puli. Mkanda ukiubonyeza kwa gumba ushuke sentimita moja na nusu. Ukilegea, toa kijiwasha kimoja, kile kipete chembamba, katikati ya vipande viwili vya puli ukiweke nje. Usikitupe. Utakitaka ukifunga mkanda mpya.

Nafasi ya valvu zake ni milimita 0.15, injini ikiwa imelala usiku kucha, baridi kabisa, kila kilomita 5,000. Silinda ya tatu ndiyo ya kuogopa. Iko nyuma ya kipoza oili, inapata hewa iliyokwisha pashwa moto, na valvu yake ya egzosti ndiyo huungua kwanza. Ukifungua na kukuta nafasi ya hapo imekwisha, valvu inavutika. Usiikaze tu ukaondoka ukiimba.

Haya, twende Kisumu. Karibu kilomita 185 kutoka hapa. Mnaikumbuka Peugeot ya abiria? Gia ya 404 ilikuwa kwenye usukani, kwa hiyo mbele palikaa watu watatu bila mguu wa mtu kugombana na gia, na ile ndefu ilikuwa na safu tatu za viti. Biashara ilizaliwa hapo. Safari inaanza Nakuru, Salgaa, Sachang'wan, hadi Mau Summit, ambako uko mita 2,500 hivi. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini yenye kabureta inapoteza karibu robo ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Petroli inayopita kwenye jeti, kile kitundu cha petroli cha kabureta, haikupungua kwa kiasi hicho, kwa hiyo moshi unakuwa mweusi na gari linataka gia ya pili. Abiria wanamlaumu dereva. Dereva anaulaumu mzigo.

Halafu linachemka. Kwa nini lilichemka pale pale kila mara? Mlima ni sehemu ya jibu tu. Maji Kisumu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mau Summit huchemka kwenye nyuzi 92. Injini yenyewe inapenda kufanya kazi kati ya 80 na 90. Umebaki na nafasi gani? Nafasi yako yote ni kifuniko cha radieta. Kifuniko kizima cha paundi 7 za shinikizo kinaongeza nyuzi kama 10 kabla maji hayajachemka. Mpira wake ukipasuka, umerudi kwenye 92. Watu walibadilisha pampu, wakasafisha radieta, wakafunga feni kubwa zaidi, na ugonjwa ulikuwa kwenye mpira wa kifuniko.

Na ninyi mafundi mliokuwa mkitoa thamostati, ile inayozuia maji mpaka injini ipate joto, na kuitupa, leo tutaambiana ukweli. Kutoa thamostati kulilifanya gari lisichemke Mau Summit siku moja, likazunguka baridi Molo miaka kumi. Injini baridi inakunywa petroli, petroli inashuka kwenye oili, oili inakuwa kama maji, silinda zinalika. Halafu mwenyewe anarudi kwako umfungulie injini. Sijui kama mlifanya makusudi.

Likishachemka, usifungue kifuniko. Subiri nusu saa. Weka gunia lenye maji juu yake, fungua kwa robo duara mpaka liache kufoka. Na ukiongeza maji, injini iwe inanguruma polepole, umimine kidogo kidogo. Debe la maji baridi kwenye chuma chenye moto hupasua hedi, kile kichwa cha injini.

Juu kwa juu mpaka Kericho, kisha mteremko. Kutoka mita 2,000 na zaidi unashuka hadi tambarare ya Kano, chini ya 1,200. Hapa ndipo dereva hujulikana. Gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Mnaikumbuka hiyo? Wengine walitupa gia huru ili kuokoa petroli ya shilingi chache. Breki za ngoma zikipata moto, ngoma yenyewe inatanuka na kukimbia viatu vyake, na pedali inakwenda chini ilhali breki hazina kasoro. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka yamenyonya unyevu, nayo yanachemka na kuwa povu. Unakanyaga povu. Ajali za Salgaa zimetufundisha hayo kwa uchungu, malori yakishuka gia huru.

Ahero joto linakupokea. Umesimama kununua samaki, unarudi, gari haliwaki. Plagi zina moto, betri nzima, petroli ipo. Petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba karibu na injini, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Kitambaa chenye maji juu ya pampu na bomba, dakika kumi, umewaka. Ni gari ngapi zilivutwa kwa kamba hadi Kisumu kwa kukosa kitambaa?

Mvua je? Udongo mweusi wa Kano ukilowa hujaza nafasi kati ya gurudumu na matigadi mpaka gurudumu haligeuki. Hapa Volkswagen ililipa deni lake lote. Tumbo lake ni bapa, linateleza juu ya tope, na uzito wa injini umekalia magurudumu yanayosukuma. Pasaka za Safari Rally, yale mashindano ya magari, watoto walisimama barabarani kuangalia nani atapita. Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili walishinda Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mara zote mbili gari lilikuwa Peugeot 404. Mzee pale nyuma, nimekuona ukitabasamu.

Na kijana wetu wa Kericho? Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 alishinda na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Fundi akiendesha, husikia chuma kinalalamika kabla hakijavunjika. Ndiyo maana watoto wa waya kotekote walijiita Joginder.

Nimalizie na jambo lililowaleta wengi wenu. Lile gari la mzee lililolala chini ya mwembe tangu miaka ya tisini. Mnataka kuliamsha. Kosa la kwanza ni betri! Kijana anakuja na betri mpya, anazungusha stata, ringi zilizoshikana na kutu zinavunjika, mchezo umekwisha. Usiguse betri. Toa plagi zote. Kila silinda mimina kijiko cha mezani cha oili, uache siku mbili. Kisha geuza injini kwa mkono. Ikikataa, ongeza oili usubiri wiki. Imelala miaka zaidi ya ishirini, wiki moja ni nini?

Petroli ya zamani mwaga yote. Ina harufu ya vanishi na ndiyo itakayoziba jeti. Tangi lenye kutu lishushwe, litiwe kokoto na kutikiswa mpaka maji yatoke safi. Wala msikubali mtu achomelee tangi kwa kuwa eti ameliosha. Mvuke wa petroli hujificha kwenye mishono, na tangi tupu ni baya kuliko lililojaa. Fungua oili: ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia. Kwenye Peugeot angalia mipira ya chini ya laina, ile mikebe ambamo pistoni hupanda na kushuka, kwa sababu laina zake zinachomoka na mipira hiyo ndiyo inayozuia maji.

Breki zote zifunguliwe. Mipira ya ndani ya hozi huvimba, breki inashika na haiachilii. Tairi zisome ubavuni: tarakimu 4, mbili za mwanzo wiki, mbili za mwisho mwaka. Ukikuta tarakimu 3 tu, tairi hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000, hata kama kashata zake ni nzima. Mpe fundi wa akala.

Jambo moja ambalo mzee hakulijua. Petroli ya siku hizo ilikuwa na risasi, na risasi ililinda viti vya valvu. Kwetu iliondolewa kufikia mwanzo wa 2006. Hedi za aluminiamu, kama za Volkswagen na Peugeot, zina viti vilivyopachikwa na huvumilia. Hedi ya chuma cha Morris Minor haivumilii. Valvu inazama kidogo kidogo na nafasi ya tapeti inaisha. Pima kila kilomita 5,000, na siku hedi ikifunguliwa, peleka ikapachikwe viti vigumu.

Sasa tutoke nje. Pale uani kuna Morris Minor ya kijivu. Plagi zimetolewa tangu Alhamisi na silinda zote nne zina oili. Hendeli iko kwenye kiti cha nyuma, chini ya gunia. Anayetaka kujaribu wa kwanza aje mbele, na kidole gumba mnajua kinakaa wapi.